Shamba Moja, Vipimo Vitatu

Kwetu Chwele, siku ya tatu baada ya mazishi, watu hunyolewa. Siku hiyo tunaiita lubeko. Wembe ukishapita, wazee wanakaa, waombolezaji wanakaa, na swali linaulizwa mbele ya wote: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Kama ulimkopesha ndama mwaka 1980, hiyo ndiyo siku ya kusema. Ukinyamaza, deni umelizika pamoja naye.

Lubeko ya kuka, babu yangu mzaa baba, ilikuwa Agosti mwaka jana. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifariki akikaribia miaka 90, na wengi waliokuja walikuwa wanafunzi wake, baadhi yao nao sasa wanatembea na mkongojo. Madeni ya kawaida yalisemwa kwanza. Mwenye duka la pembejeo hapo sokoni akataja mifuko miwili ya mbolea. Jirani mmoja akasema yeye ndiye aliyekuwa anadaiwa na kuka, elfu tatu, na ataleta. Watu wakampigia makofi.

Kisha akasimama mzee mmoja nisiyemjua, kofia mkononi.

"Mimi simdai mwalimu pesa," akasema. "Namdai mahali. Mama yangu amelala kwenye shamba lake la Kitale, yeye na mdogo wangu. Nimesikia ile sehemu ya chini inauzwa. Naomba isiuzwe na mama yangu ndani."

Kimya. Binamu yangu akaninong'oneza, "Leo ni leo."

Baba mdogo ndiye aliyejibu, kwa sababu yeye ndiye anayeshika karatasi za familia. Alijibu kwa heshima, siwezi kumsingizia. Alisema, "Mzee wangu, pole. Lakini shamba lile lilinunuliwa. Stakabadhi zipo, hati ipo. Aliyenunua ndiye mwenyewe."

Nusu saa haikupita, senge akasimama. Senge ni shangazi, dada ya baba, na kuka alikuwa na mabinti wawili tu. Akauliza kama wao pia watahesabiwa kwenye zile ekari 15. Baba mdogo akasema, "Dada, wewe unajua mila. Binti aliyeolewa hapewi shamba kwao."

Mwishowe baba mkubwa, kifungua mimba, akakumbusha kwamba mkopo wa shamba lile ulimshinda kuka katikati ya miaka ya themanini, na ni yeye, kwa mshahara wake wa reli, aliyemalizia kulipa. Akaomba fungu lake lizidi kidogo. Baba mdogo akatabasamu. "Kaka, sisi ni damu moja. Watoto wa mtu mmoja wanagawana sawasawa."

Nilikuwa nimekaa nyuma, na kichwa changu kilichonyolewa kikipigwa na jua. Nikahesabu. Kwa yule mzee, kipimo kilikuwa ununuzi. Kwa senge, kipimo kilikuwa mila. Kwa baba mkubwa, kipimo kilikuwa usawa. Shamba moja, vipimo vitatu, na kila kipimo kilimwacha baba mdogo palepale alipotaka kuwa.

Nilitaka kumcheka. Halafu nikakumbuka kwamba kila kipimo kiliniacha pazuri mimi pia. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo fungu lake ni letu, mimi na kaka yangu. Wana wa kuka ni wanne. Wakigawana wana peke yao, kila mmoja ana ekari tatu na robo tatu. Mabinti wakihesabiwa, fungu linashuka hadi ekari mbili na nusu. Yaani usawa kwa senge unanitoa mimi kwenye karibu ekari mbili na kuniweka kwenye moja na robo. Na hiyo sehemu ya chini yenye makaburi, mnunuzi wake alikuwa tayari na pesa, na mimi nina mkopo wa chuo ambao haujaisha.

*

Hebu tuanze na historia ya lile shamba, maana stakabadhi ya baba mdogo inaanza kwenye ukurasa wa katikati wa kitabu.

Kabla ya Wazungu, nyanda za Trans Nzoia zilikuwa malisho. Wasabaoti walichunga huko, Wasengwer waliishi upande wa milima ya Cherangany. Serikali ya kikoloni ikaja na sheria za ardhi ya Taji. Ile ya mwaka 1915 ilimruhusu mlowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Uingereza waliostaafu wakagawiwa mashamba, na Trans Nzoia ikawa sehemu ya zile nyanda zilizoitwa za Wazungu. Reli ikafika Kitale miaka ya ishirini, kubeba mahindi yao.

Lakini mahindi hayajipaliliii. Kutoka upande wa Bungoma, watu wetu walipanda kwenda kufanya kazi. Waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilisema skwota aishi kwenye shamba la mlowezi, alime kakipande kake, afuge mifugo yake michache, na kwa malipo ya hayo amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria nyingine ya mwaka 1937 ikawapa walowezi nguvu ya kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo, na sehemu nyingine siku zikafika 270. Toa Jumapili, toa siku za ugonjwa, uone skwota anabaki na siku ngapi za kulima chake.

Hasira ya hayo yote ilitafuta njia ya kutokea. Huku kwetu ilitokea kwa Elijah Masinde, mchezaji mpira wa zamani kutoka Kimilili, na Dini ya Msambwa, iliyowaambia watu warudi kwa mizimu yao na Wazungu warudi kwao. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake pale Malakisi, si mbali na Chwele, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akahamishwa Lamu. Serikali ya ukoloni iliiona kama wazimu wa dini. Ukiisoma leo, unaona pia kesi ya ardhi ambayo haikupata mahakama.

Baba yake yule mzee alikuwa skwota. Alipanda Kitale kabla ya Vita vya Pili, na mzee mwenyewe alizaliwa kwenye vibanda vya wafanyakazi vya shamba lile. Mama yake alifia hapo, akazikwa chini karibu na mto.

Uhuru ukakaribia na swali likawa: mashamba haya yanakuwa ya nani? Masinde Muliro, mwanasiasa mkubwa wa kwetu, alipigania mipakani hadi mwisho Kitale iwekwe kwenye jimbo la Magharibi, lakini Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa. Kuhusu ardhi yenyewe, jibu lilitengenezwa London na Nairobi: mlowezi anayetaka kuondoka atalipwa. Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, ulinunua mashamba kwa pesa zilizotoka Uingereza na Benki ya Dunia, ukaweka takriban familia 35,000, na familia hizo zikabebeshwa mikopo ya kulipa kwa miaka 30. Nje ya mpango huo, watu waliunda vyama vya ushirika na makampuni, wakachanga, wakanunua shamba zima, wakagawana. Na mengine makubwa yakaingia mikononi mwa ADC, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1965, na hadi leo lina mashamba Trans Nzoia.

Kuka aliingia kwa mlango wa ushirika mwaka 1968. Alikuwa na kitu kimoja ambacho skwota hakuwa nacho: mshahara wa kila mwezi. Mwalimu alikopesheka. Skwota alikuwa na jasho la miaka 30, lakini jasho halina stakabadhi. Wanachama walipofika kugawana, familia za wafanyakazi zilipewa notisi ya kuhama. Yule mzee alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Anakumbuka baba yake akifunga sufuria kwenye gunia. Walirudi Chwele, kwa ndugu, wakapewa kona.

Zingatia hili: kuka na baba yake yule mzee walikuwa watoto wa ukoo jirani. Lugha moja, mto mmoja. Hapa huwezi kusingizia ukabila. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alipelekwa shule ya misheni na mwingine akapelekwa kuchunga.

*

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilichapisha Waraka wa Bunge nambari 10. Jina lake lilitangaza Usoshalisti wa Kiafrika na jinsi utakavyotumika kupanga uchumi wa Kenya. Wizara iliyoutoa ilikuwa ya Tom Mboya. Ukisoma kurasa za mwanzo unaweza kudhani Chwele ndiyo iliyouandika: unasifu desturi ya Waafrika ya kusaidiana na kuwajibikiana, unakataa Umaksi na unakataa pia ubepari usio na breki. Ukiendelea mbele unakuta mali ya mtu binafsi inalindwa, kutaifisha ni jambo la mwisho na fidia ni lazima, na pesa za maendeleo zipelekwe kwanza penye mvua, reli na udongo mzuri, maana huko ndiko zitakakozaa zaidi. Sehemu kavu zitangoje.

Mwaka huohuo mchumi mmoja kijana, Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliujibu kwenye jarida la East Africa Journal. Kwa ufupi aliuliza: huu usoshalisti uko wapi ndani yake, ikiwa mali inaachwa irundikane kwa wachache?

Mtu aliyelipia swali hilo kwa ngozi yake alikuwa Bildad Kaggia. Alikuwa mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria, mbele kidogo ya Kitale. Baada ya uhuru alikuwa waziri msaidizi, na alikataa kunyamaza maskwota walipofukuzwa. Alisema ardhi iliyochukuliwa bure haiwezi kuuziwa wenyewe. Wasio nayo wapewe. Mwaka 1964 akatoka serikalini. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa hadhara kule Kandara, Rais Kenyatta alimwuliza mbele ya umati: wenzako tuliofungwa nao wana mashamba na biashara, wewe umejifanyia nini? Watu wengi wanaikumbuka hadithi hii kama kejeli tu. Mimi naona ndani yake falsafa nzima. Swali lile linasema kwamba ukitaka haki kwa wote na wewe mwenyewe huna kitu, basi wewe ni mvivu. Na ukiwa nacho, je? Basi hutaulizwa tena habari ya haki.

Upande wa pili wa mpaka, Julius Nyerere alichukua njia nyingine. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma na, jambo ambalo sisi Wakenya hulisahau, likawakataza viongozi wenyewe kuwa na hisa kwenye makampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Baadaye Tanzania ilikosea kwa namna yake: watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na mtu aliyebebwa na lori huku nyumba yake ikibomolewa hawezi kuambiwa amepata haki. Lakini lile sharti la viongozi lilikuwa na maana: anayetangaza kipimo aanze kupimwa nacho.

*

Wanafalsafa wa vyuo vya Uingereza na Marekani walikuwa wanabishana juu ya jambo hilihili, ingawa hawakujua Chwele iko wapi.

Mwaka 1971 John Rawls wa Harvard alitoa A Theory of Justice, kitabu kinene ambacho waliberali wengi bado wanasimamia juu yake. Ombi lake kuu ni rahisi kulieleza kwenye lubeko. Fikiria tumekaa kupanga kanuni za kugawana, lakini mbele ya kila mmoja kuna pazia. Hujui ukiondoka hapa utakuwa baba mdogo mwenye karatasi, au senge, au mtoto wa skwota. Ungekubali kanuni gani? Rawls alisema watu wa namna hiyo wangelinda kwanza uhuru wa kila mtu, kisha wangekubali tofauti za mali pale tu ambapo nafasi ziko wazi kwa wote na tofauti hizo zinamfaa zaidi aliye chini kabisa.

Mwaka 1974 mwenzake wa Harvard, Robert Nozick, akamjibu. Haki, alisema, haiko kwenye picha ya mwisho ya nani ana nini. Iko kwenye njia. Kama mali ilipatikana kwa haki mwanzoni na ikabadilisha mikono kwa hiari, basi aliyenayo ni halali yake, hata kama jirani analala njaa. Hiyo ndiyo stakabadhi ya baba mdogo, neno kwa neno.

Ila wanaompenda Nozick huwa wanaruka kanuni yake ya tatu. Alisema pia kwamba pale ambapo njia ilichafuka, dhuluma ya zamani irekebishwe. Sasa hesabu: mlowezi alipewa miaka 999 na serikali ambayo haikununua kwa mtu. Kuka alilipa kwa haki, lakini alimlipa nani, kwa kitu cha nani? Zaidi ya hapo, waliberali tangu John Locke wamefundisha kwamba ardhi inakuwa ya mtu anapochanganya kazi yake nayo. Kwenye shamba lile, siku 180 kwa mwaka, ni nani alikuwa anachanganya? Kwa hiyo baba mdogo hakusimama hata kwenye uliberali. Alichukua ukurasa mmoja wa uliberali, ule wenye muhuri.

Mtaalamu aliyenisaidia zaidi ni G.A. Cohen, msoshalisti aliyezaliwa Montreal mwaka 1941 katika familia ya wafanyakazi wakomunisti na baadaye akafundisha Oxford. Cohen alimheshimu Rawls lakini akamkamata pahali. Rawls anaruhusu tofauti zinazomfaa maskini. Tuseme daktari alipwe zaidi, la sivyo hatafanya kazi ya ziada. Cohen akauliza: na kwa nini hatafanya? Kama daktari huyo kweli anaamini katika haki ileile, mbona anatutishia? Haki, kwa Cohen, haiishii kwenye sheria na katiba. Inaingia kwenye yale mtu anayoyachagua kila siku, ndani ya sheria. Mwaka 2000 alitoa kitabu ambacho jina lake ni swali: ukiwa mtu wa usawa, imekuwaje wewe ni tajiri?

Lilinganishe na swali la Kenyatta kwa Kaggia. Yanafanana kwa sura, lakini yanatazama pande tofauti kabisa. Moja linamhoji asiye na kitu. Lingine linamhoji aliye nacho.

Na kabla mtu hajasema haya ni mambo ya wakomunisti: Rawls mwenyewe, kwenye maandishi yake ya mwisho, alisema ubepari unaorundika mali kwa wachache kisha ukawatupia wengine msaada hautoshi. Kwa maoni yake, jamii ya haki ingekuwa ama ile ambamo mali imetawanywa kwa wengi tangu mwanzo, ama usoshalisti wa kiliberali. Kumbe hawa wawili hawakuwa mbali hivyo. Wote wanamkatalia mtu jambo moja: kusubiri uone fungu lako, ndipo uchague kanuni.

*

Kuna sababu ninaliogopa jambo hilo, na haikutoka vitabuni.

Ukisimama Chwele asubuhi isiyo na ukungu unaona Mlima Elgon. Huko juu, mwaka 1968, watu wa Chepkitale waliondolewa kwenye ardhi yao iliyogeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama. Kuanzia mwaka 1971 wakaanza kupewa nafasi nyingine Chebyuk. Ugawaji ukafanywa kwa awamu tatu, miaka zaidi ya thelathini. Kila awamu ilikuja na kipimo chake: mara aliyehamishwa kwanza, mara aliyekuwa amekwisha kulima, mara koo zigawane nusu kwa nusu. Kila kipimo kipya kilifuta shamba la mtu aliyepewa kwa kipimo cha zamani, na wakubwa walijua kukichagua kile kinachowafaa. Mwaka 2006 vijana wakachukua bunduki. Mamia ya watu waliuawa, makumi ya maelfu wakakimbia. Machi 2008 jeshi lilipanda mlima, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika habari za mateso na watu waliopotea mikononi mwa pande zote mbili.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Darasani kwetu walikuja watoto wapya katikati ya muhula, bila sare. Mmoja nilikaa naye dawati moja. Aliniambia shamba lao ni ekari mbili na nusu, akalichora kwenye daftari langu, na mpaka, na mti, na ng'ombe. Sikujua kwa nini analichora kila siku.

Siwezi kusema familia yetu itashika bunduki kwa ajili ya ekari 15. Lakini naijua ile hasira inavyoanza. Mtu anaweza kuvumilia kushindwa kwa kanuni ngumu. Kinachomtafuna ni kuona kanuni zinabadilishwa huku akitazama, na kila zikibadilika anayeshinda ni yuleyule.

*

Katiba ya mwaka 2010 imejaribu. Ibara ya 40 inalinda mali. Ibara ya 60 inakataza ubaguzi wa jinsia katika ardhi. Ibara ya 67 inaiagiza Tume ya Taifa ya Ardhi kuchunguza dhuluma za kihistoria. Miaka 999 ya wasio raia imekatwa hadi 99. Na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haikumtofautisha mwana na binti. Senge ana haki mahakamani kuliko alivyo nayo kwenye lubeko. Yule mzee hana hata hiyo: makaburi ya mama yake hayamo kwenye ramani yoyote.

Siku ile haikuisha kwa uamuzi. Wazee walisema mambo ya shamba yaangaliwe na familia, mbolea ilipwe, watu wale. Nilimfuata yule mzee hadi barabarani alipokuwa anangoja bodaboda. Nilimsalimia, nikamwuliza, "Mzee, ukipewa hiyo kona, utataka na hati?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu haraka. "Hati ya nini, mjukuu wangu? Nataka nikienda pale nisiitwe mwizi."

Tangu Januari nina karatasi ya ridhaa mezani kwangu Nairobi. Kesi ya mirathi inahitaji sahihi za warithi wote. Baba mdogo ananipigia simu kila Jumapili, kwanza ananiuliza afya, halafu ananiuliza karatasi. Kaka yangu ameshatia sahihi. Ananiambia, "Wewe na vitabu vyako, hiyo pesa si ungelipa mkopo ukapumua?" Hajakosea. Ningepumua.

Nilijaribu kumpima kuka pia, kwa sababu ni rahisi kumwachia marehemu lawama. Sidhani alikuwa dhalimu. Alichanga mshahara wake, alilala njaa mwezi mzima, alifuata sheria iliyokuwepo. Alipoona vibanda vinahamwa labda alihuzunika, labda alitazama pembeni. Muliro, ambaye kuka alimpenda sana, mwaka 1975 alipiga kura bungeni kuunga mkono ripoti ya mauaji ya J.M. Kariuki, yule mbunge aliyekuwa akipigia kelele mali kurundikana kwa wachache. Alikuwa waziri. Akafutwa. Kuka alitusimulia hadithi hiyo mara nyingi, kwa fahari. Hakutusimulia hata mara moja habari za vibanda.

Nimemwandikia baba mdogo, maana kwenye simu huwa ananishinda. Nimemwambia nitatia sahihi siku mambo matatu yakiandikwa: mabinti wahesabiwe sawa na wana, alichotoa baba mkubwa kumaliza mkopo arudishiwe kabla ya kugawana, na ile kona ya mto, robo ekari yenye makaburi, isiuzwe, na njia ya kuifikia iachwe. Nimepiga hesabu. Nitabaki na ekari moja na robo, kasoro kidogo. Mnunuzi huenda akakimbia.

Hajajibu barua. Jumapili iliyopita alipiga simu kama kawaida, akaniuliza afya, akanyamaza. Kisha akauliza, "Hiyo robo ekari, itatoka kwenye fungu la nani?"

Nikamwambia itoke kabla ya mafungu kukatwa. Akasema atafikiria. Mpimaji anakuja mwezi ujao.